Hesabu ya ndege wa majini Bagamoyo: asubuhi tuliona wachache, jioni tunaambiwa matuta yamejaa

Mwalimu wa Jiografia (Bagamoyo) aliuliza:

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa mlezi wa klabu ya mazingira yenye wanafunzi kumi na wawili. Mwezi huu tuliamua kuhesabu ndege wa majini katika ufuko wa kaskazini ya mji, kuanzia mahali nyumba zinapokwisha, kupita mashamba ya chumvi ya Nunge, mpaka mikoko ya mdomo wa Ruvu inapoziba njia. Tulichagua Januari kwa sababu ndio mwezi wa Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, iliyoanza mwaka 1967 na kupanuliwa Afrika kwa utaratibu maalumu mwaka 1991. Niliwaeleza wanafunzi kwamba wakati sisi tumo katikati ya kaskazi na joto lake, huko Ulaya na Siberia ni majira ya baridi kali. Ndege waliotaga huko wamekwisha kuondoka na kutulia walikokimbilia, na hawatatikisika tena hadi Machi au Aprili. Kwa hiyo anayehesabu Uholanzi na anayehesabu Bagamoyo katika wiki hiyo hiyo hawahesabu ndege yule yule mara mbili.

Mwongozo niliokuwa nao umeandikwa kwa ajili ya watu wanaohesabu ndege kando ya maziwa ya Ulaya. Unasema kazi ianze kunapopambazuka, mhesabuji apite ukingoni polepole, aandike anachokiona, na amalize kabla ya watu na mitumbwi kuanza kuwasumbua ndege. Tuliufuata kama ulivyo. Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi mwandamo. Tulianza saa moja asubuhi na kumaliza saa nne. Tuliona yangeyange, shakwe kadhaa, korongo mmoja aliyesimama kama mlinzi wa benki, sululu wachache wenye midomo iliyopinda, na mbali kabisa kwenye matope, nukta nyingi zilizokuwa zikitembea, ambazo darubini yetu moja haikuweza kuzipambanua. Jua nalo lilikuwa limetukabili usoni muda wote. Jumla yetu haikufika mia tatu.

Wakati tunarudi, mfanyakazi mmoja wa shamba la chumvi alitutazama daftari letu, akacheka kwa upole, akasema kwamba jioni iliyotangulia tuta moja tu lilikuwa limejaa ndege mpaka likaonekana kama limepakwa chokaa. Sina sababu ya kumwona mwongo, maana yeye yuko pale kila siku na mimi nilikuwa mgeni wa saa tatu.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, je, ndege hao wa jioni ni wengine, au ni wale wale niliowaona kama nukta? Pili, kama tukirudi jioni, tujumlishe hesabu ya asubuhi na ya jioni? Mwanafunzi wangu mmoja anaona ndiyo haki. Tatu, tufanyeje kuhusu vitwitwi, hawa ndege wadogo wa ufukoni, ambao kwa macho yetu wote wanafanana?

Nahodha Mstaafu (Bagamoyo) alijibu:

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Sijawahi kuhesabu ndege maishani mwangu, ila nimeendesha mashua kati ya hapa na Unguja kwa miaka mingi, na swali lako la kwanza nadhani naliweza.

Ndege hao ni wale wale. Kosa halikuwa la macho yenu bali la saa mliyochagua. Pwani yetu hii, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya hapo huchelewa kila siku, kwa wastani dakika hamsini hivi, hata zikifika siku za maji mafu utakuta mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Akina mama wanaokwenda pwani kutafuta pweza hawahitaji karatasi kulijua hilo.

Sasa tazama. Mlikwenda siku ya tatu ya mwezi, saa moja mpaka saa nne asubuhi. Wakati huo maji yalikuwa yanatoka kwa kasi, na kila dakika yalikuwa yanafungua matope mapya mbele. Ndege hawa chakula chao kimo ndani ya hayo matope: kaa wadogo, minyoo, vikome. Wanafuata ukingo wa maji kama mfanyabiashara anavyofuata mnada. Mlipokuwa mnatembea juu ya mchanga mkavu, wao walikuwa wamesambaa umbali wa kilomita nzima kutoka kwenu. Jioni bahari inaporudi inawanyang'anya meza, hawana pa kukanyaga, nao si ndege wa kuelea kama bata. Ndipo wanapopanda kwenye matuta ya chumvi kusubiri. Usiku maji yakipwa wanashuka tena kula, mbalamwezi iwepo isiwepo. Nimewasikia mara nyingi nikiwa nimetia nanga nasubiri upepo.

Kwa hiyo kama unataka kuwaona wamekusanyika, nenda maji yakiwa yamejaa, siku ya bamvua, wakati wa jioni. Hayo mengine ya kujumlisha nawaachia wenye elimu yao.

Mbagamoyo Ughaibuni alijibu:

Shikamoo Nahodha, na pole na kazi Mwalimu. Nataka nieleze huo mwongozo ulitoka wapi, kwa sababu hauna makosa. Umetolewa tu mahali pake.

Nilipokuwa nasoma Uholanzi nilijiunga Januari moja na kikundi cha watu wa kujitolea waliokuwa wakihesabu ndege kando ya ziwa Markermeer. Ziwa hilo zamani lilikuwa sehemu ya ghuba ya bahari, mpaka Waholanzi walipoifunga kwa boma refu lililokamilika mwaka 1932, na tangu hapo halina maji kujaa wala kupwa. Ukifika asubuhi na ukifika jioni, ukingo uko pale pale. Jua la Januari kule huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kutua mnamo saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mhesabuji ana saa nane tu za mwanga, na mara nyingi nusu yake ni ukungu. Ndiyo maana wanaambiwa waanze mapema: wanakimbizana na giza.

Siku niliyokwenda, mikono yangu ilikufa ganzi kiasi kwamba nilishika penseli kwa ngumi kama mtoto wa chekechea. Kalamu ya wino walinikataza, kwa kuwa wino huganda kwa baridi. (Nyinyi pia chukueni penseli, jasho na maji ya chumvi vitafuta kila kilichoandikwa kwa wino.) Kando ya boma, upande uliokingwa na upepo, walikuwako bata weusi wenye kishungi, mamia kwa mamia, wamelala na midomo wameificha mgongoni. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba bata hao hupiga mbizi usiku kutafuta kome chini ya ziwa, na mchana wao ndio usiku wao. Basi kumhesabu mchana ni kumhesabu kitandani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kanuni ya msingi si kuamka alfajiri, bali kujua ndege wako anapumzika lini na wapi, kisha umfuate huko. Kwa bata wa Markermeer jibu ni mchana kando ya boma. Kwa vitwitwi wa Nunge, kama Nahodha alivyosema, ni maji kujaa, juu ya matuta.

Jambo jingine nililojifunza ni kuhusu barafu. Mwaka ambao maziwa madogo yanaganda, bata na kukuziwa wote hukimbilia kwenye sehemu chache zilizobaki wazi, na hesabu ya mahali hapo hupanda ghafla. Mtu akiiona peke yake angesema ndege wameongezeka, kumbe ni majirani wamefungiwa mlango. Ndiyo maana nchi nzima huhesabu katika mwisho wa wiki mmoja, na anayekuta ziwa lake tupu huandika sifuri na kuituma. Niliona aibu kidogo kuandika sifuri kwenye sehemu niliyopangiwa, lakini waliipokea kwa heshima ile ile.

Mhesabuji wa Tanga alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi huhesabu ndege katika mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Tanga, na nimewahi kufanya kila kosa ambalo Mwalimu anaogopa kulifanya, pamoja na mengine mawili matatu ambayo hajayafikiria.

Nakubaliana na Nahodha kuhusu bamvua, ila nitaongeza tahadhari. Siku ya tatu ya mwezi, maji ya jioni hujaa karibu na saa kumi na moja, na hapo mnabaki na muda mfupi tu kabla ya magharibi. Kundi kubwa likiruka mara moja, muda wa kuanza upya hamna. Bora mchague siku ya mwezi mwandamo wenyewe, au ya kumi na tatu au kumi na nne, ambapo maji hujaa mapema kidogo, na mwanga bado mnao. Msiende saa sita wala saa nane mkidhani mnawahi. Jua la kaskazi likipiga juu ya maji ya chumvi huleta mazigazi, na kwenye darubini kitwitwi mmoja atacheza ngoma mpaka aonekane watatu. Kuanzia saa tisa hali hutulia. Halafu simameni upande wa magharibi wa mabwawa mkitazama baharini, jua likiwa mgongoni. Asubuhi ile mlikuwa mnatazama mashariki, na kila ndege mbele ya jua huwa mweusi.

Kuhusu kujumlisha asubuhi na jioni, jibu ni hapana, na mwanafunzi wako asivunjike moyo kwa sababu hata watu wazima huligombania. Ukihesabu abiria kituoni, kisha ukawahesabu tena ndani ya basi lile lile, hukupata abiria wengi zaidi. Chukueni hesabu ya maji kujaa iwe ndiyo hesabu ya siku. Ya asubuhi ihifadhini kando, pamoja na saa na hali ya maji, kwa kuwa itawafundisha ndege wanakula wapi.

Namna ya kuhesabu kundi kubwa: usihesabu mmoja mmoja, kwa sababu utafika arobaini na saba, mmoja ataruka, nawe utapotea. Hesabu kumi kwa uangalifu, tazama hao kumi wanachukua nafasi kiasi gani kwenye darubini, kisha sogeza nafasi hiyo juu ya kundi zima, kumi, ishirini, thelathini. Kundi likizidi elfu, tumia nafasi ya hamsini au mia. Watu wawili wahesabu kundi moja bila kuambiana, mtu wa tatu aandike. Wakitofautiana sana, warudie; msichukue wastani haraka haraka ili mwende nyumbani. Nimeona mara nyingi kwamba mgeni wa kazi hii huhesabu pungufu, si zaidi, hasa vitwitwi wanaposimama safu nyuma ya safu na wa mbele kumficha wa nyuma. Simu nayo isaidie: piga picha kupitia darubini, kisha nyumbani mtie nukta juu ya kila kichwa.

Nije kwenye vitwitwi, ambako ndiko utamu ulipo. Kiswahili cha pwani kinatosheka na jina moja kwa ndege hawa wadogo wote, na kwa mvuvi linatosha, lakini sensa inataka zaidi. Tazameni kwanza mdomo na mwendo. Kuna wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa, wanaokimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakadona, wakakimbia tena. Kuna wale wenye mdomo mrefu uliopinda chini kidogo, wanaochoma matope mfululizo kama cherehani. Wengi wao watakuwa *Calidris ferruginea*, aliyezaliwa kwenye tundra (nyika baridi isiyo na miti) ya Siberia, ambaye Januari ni wa kijivu tu, lakini mkimtazama Aprili kabla ya safari mtamkuta amegeuka rangi ya tofali. Kuna mweupe anayekimbizana na wimbi kwenye mchanga, akilikimbia likija na kulifuata likirudi, naye ni *Calidris alba*. Msiyemjua, mwandikeni "kitwitwi mdogo, hakutambulika", pamoja na idadi. Namba hiyo ni ya kweli na ina kazi. Jina la kubahatisha halina.

Na kama mtabahatika, mtaona kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuvunjia kaa, wamesimama pamoja bila kuchanganyika sana na wengine. Huyo ni *Dromas ardeola*, mla kaa. Hatoki Ulaya wala Siberia. Huzaliana katika pwani na visiwa vya Uarabuni na jirani zake, akichimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, jambo ambalo ndege wengine wa jamii hii ya ufukoni hawalifanyi. Joto la mchanga humsaidia kulitunza yai. Kisha huja kwetu kukaa. Huyo mhesabuni mmoja mmoja, hata akiwa mia mbili, kwa sababu idadi yake duniani ni ndogo. Katika Mkataba wa Ramsar, uliosainiwa Iran mwaka 1971 na ambao Tanzania iliingia mwaka 2000, eneo huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa likiwa linapokea mara kwa mara ndege wa majini elfu ishirini, au asilimia moja ya idadi ya jamii moja ya ndege. Kwa mla kaa, asilimia moja si ndege wengi, kwa hiyo mkikosea mia moja mmeharibu kitu. Kwa vitwitwi wadogo mkikosea mia moja katika elfu, hakuna atakayewafunga.

Mwalimu wa Jiografia (Bagamoyo):

Nimeshukuru sana, na Nahodha shikamoo. Tumepanga kwenda siku ya kumi na nne ya mwezi, kwa kuwa bado itakuwa ndani ya Januari. Nina nyongeza mbili. Mwanafunzi yule yule wa kujumlisha anapendekeza tuwapigie makofi ndege waruke, tuwahesabu hewani wakiwa wametawanyika, kwa sababu angani hakuna wa kumficha mwenzake. Pia, je, tunaruhusiwa kuingia kwenye matuta?

Mfanyakazi wa Chumvi (Nunge) alijibu:

Mwalimu, nadhani mimi ni mwenzake yule aliyewacheka, na ninawaombea radhi kwa niaba yake. Mtaruhusiwa, ila pitieni kwanza ofisini kwa msimamizi na mumweleze idadi yenu. Mashamba haya yana wenyewe. Tembeeni juu ya matuta makubwa tu. Yale madogo yanayogawa mabwawa ya mwisho, ambako chumvi inaganda, yanabomoka yakikanyagwa, na mguu ukiingia kwenye bwawa lile mmechafua chumvi ya siku nyingi.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Sisi huingiza maji ya bahari kwa lango siku za bamvua kubwa, kwa sababu siku nyingine maji hayafiki. Siku hiyo tunakuwa wengi kwenye tuta la mbele, tuna majembe na kelele, na ndege huhamia mabwawa ya nyuma au huvuka kwenda upande wa mikoko. Lango kwa kawaida hufunguliwa siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, kwa hiyo kumi na nne yenu ni nzuri. Mngekuja kumi na sita mngetuhesabu sisi.

Na ndege hawapendi mabwawa yote sawasawa. Bwawa la kwanza, ambalo maji yake bado ni ya bahari, lina samaki wadogo, na hapo mtakuta korongo, yangeyange na mnandi. Ya katikati, chumvi ikishapanda, samaki hufa na kubaki vijidudu vya maji ya chumvi, na hapo husimama heroe (flamingo) wanapokuja. Mabwawa ya mwisho hayana chakula cha ndege. Msipoteze muda huko.

Mhesabuji wa Tanga alijibu:

Maelezo ya bwana wa Nunge ni dhahabu, na laiti ningeyapata mwaka wangu wa kwanza.

Kuhusu makofi: tafadhali, msifanye. Ndege akiruka anatumia mafuta aliyoyakusanya usiku kucha, naye anayahitaji kwa safari ya maelfu ya kilomita. Zaidi ya hapo, haiwasaidii. Kundi lililofurushwa huvunjika vipande vitatu, kimoja kinarudi bwawa mlilokwisha kulihesabu, kingine kinakwenda bwawa mnalokwenda kulihesabu, na cha tatu hamjui kimeishia wapi. Wakiruka wenyewe, andikeni saa, waliruka kutoka wapi na wakatua wapi. Bwawa walilotua, kama mlikuwa hamjalihesabu, watoeni kwenye jumla yake.

Mwalimu wa Jiografia (Bagamoyo):

Narudi na taarifa, kwani ingekuwa utovu wa adabu kuchukua ushauri wote huu na kunyamaza.

Tulifika saa nane mchana, tukaripoti kwa msimamizi, na saa nane na nusu tulikuwa tumekaa upande wa magharibi, wanafunzi sita kwenye kila kundi, darubini yetu na nyingine mbili za kuazima. Mwanzoni matuta yalikuwa karibu matupu, na yule mwanafunzi wangu alinitazama kwa jicho ambalo walimu mnalifahamu. Kisha, mnamo saa tisa, walianza kuja. Hawakuja kwa mkupuo mmoja. Walikuja mikanda mikanda, chini chini juu ya mikoko, kimya, wakageuka wote kwa pamoja wakawa weupe, wakageuka tena wakawa kijivu, wakatua. Kila baada ya dakika chache mkanda mwingine. Tuliacha kuhesabu wanaokuja tukasubiri watulie, kwa sababu tulitambua kuwa tunajichanganya. Ilipokaribia saa kumi maji yalikuwa yamefika kwenye shina za michu (aina ya mikoko), na hakuna tena aliyeongezeka.

Kwa vitwitwi wadogo wa bwawa la pili, kundi la kwanza lilipata 640 na la pili 810. Ugomvi uliozuka hapo ulikuwa wa kielimu lakini wa sauti kubwa, nikalazimika kuwakumbusha kwamba ndege wana masikio. Walirudia wakapata 720 na 790. Usiku tulitia nukta kwenye picha nne zilizounganishwa, tukafika 774, ambayo ndiyo tuliyoiandika. Kundi lililopata 640 lilikuwa limeruka safu nzima ya nyuma, kama Mhesabuji alivyotabiri. Katika hao tuliweza kuwatambua kwa jina karibu nusu tu; waliobaki tumewaandika kama mlivyotuelekeza. Wala kaa walikuwa 43, na kila mwanafunzi aliwahesabu mwenyewe, wote kumi na wawili wakapata 43. Heroe walikuwa tisa, wote wakubwa, kwenye bwawa la katikati ambalo bwana wa Nunge alilitaja.

Saa kumi na robo kozi, ndege mwindaji, alipita. Sikumwona akitokea, nilichoona ni tuta zima kunyanyuka kama mkeka unaokung'utwa. Tulikuwa tumemaliza bwawa la kwanza na la pili, tulikuwa katikati ya la tatu. Tuliandika saa, tukafuta namba ya bwawa la tatu, tukalianza upya walipotulia, na tuliowaona wakitua humo kutoka bwawa la pili tuliwaondoa. Haikuwa kazi safi, na nimeandika hivyo kwenye fomu.

Bado nina wasiwasi mmoja. Kundi moja la sululu, labda sitini, lilipita juu yetu bila kutua na kuelekea mikoko ya Ruvu. Kama lina mahali pake pa kulala huko, basi hesabu yetu ni ya Nunge tu na hatuwezi kuiita ya ufuko mzima.

Mhesabuji wa Tanga alijibu:

Iiteni ya Nunge, basi, na muweke mipaka yake kwenye ramani ili mwakani mhesabu eneo lile lile bila kuongeza wala kupunguza tuta. Ya sululu waandikeni "walipita, hawakutua", mbali na jumla. Sululu hupenda kupumzika juu ya matawi ya mikoko, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Kuwapata kunahitaji kundi la pili ndani ya mtumbwi, saa ile ile kundi la kwanza likiwa Nunge. Fomu ipelekeni kwa mratibu wa sensa wa taifa mapema, ikiwa pamoja na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, hali ya maji na habari za kozi.

Nahodha Mstaafu (Bagamoyo) alijibu:

Mtumbwi wa kuingia Ruvu upo, na mwenye mtumbwi ni mpwa wangu. Kule ndani kuna viboko, kwa hiyo wanafunzi wabaki Nunge, na Mwalimu uje na mtu mzima mmoja anayejua kukaa kimya. Mwakani niambie siku kumi kabla, nikutazamie maji.

Mfanyakazi wa Chumvi (Nunge) alijibu:

Nasi tutawapokea. Ila mje na maji ya kunywa ya kutosha. Mara hii mlimaliza ya kwetu.